Salamu ya Pili

Kwetu Quimper, mji mdogo wa Ufaransa, watu hupeana mkono mara moja tu kwa siku. Ukirudia, ni kama umesahau kwamba mmeshaonana. Titouan alipoanza kucheza mpira wa kikapu wa kulipwa, ana miaka kumi na saba na woga tele, alinipa mkono asubuhi, na jioni tena, nikiwa napiga deki uwanja mdogo wa timu yetu.

“We mrefu, umeshanisahau?” nilimfokea. Akawa mwekundu hadi masikioni.

Miaka tisa baadaye, hatujaonana tangu aondoke, alirudi jioni moja na timu kubwa ya Paris. Akanipita hivihivi. Nikabwaga tambara.

“Titouan! Hata salamu?”

Akageuka, macho yakicheka.

“Bi Odile, si tumeshasalimiana asubuhi?”