Gobeleti Moja, Mikono Miwili

Wilfried, mwenye mgahawa karibu na bandari ya Baraka, aliweka mikate miwili mezani, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Huu wa jana uliuoka wewe," akamwambia Gentille. "Huu wa leo ni wa mwenzako, mugumu kama tofali. Kuanzia wiki ijayo, Mama Gentille, leta yako tu."

Gentille hakupenda alichosikia. Tanuri yao ya udongo waliijenga pamoja, yeye na Nyirarukundo, na walipokezana siku za kuoka. Tayari kulikuwa na watu sokoni waliosema bantu ba milima, yaani watu wa milimani kama Nyirarukundo, banajua maziwa, mikate hapana. Hakuwa tayari kuwapa ushindi huo.

"Papa Wilfried, nipe siku kidogo. Nitaleta yangu na yake. Ukijua upi ni wa nani, fanya unavyotaka."

Alipofika nyumbani alimkuta Nyirarukundo akifagia majivu, akamweleza yote bila kuficha. Nyirarukundo, aliyemheshimu kama dada mkubwa, aliweka ufagio chini.

"Unga ni wa gunia moja, yaya. Gobeleti tunayopimia ni moja. Napima sita kama wewe."

"Basi pima, mi nakuangalia."

Nyirarukundo akachota unga kwa kikombe hicho, akakigonga mezani, akaongeza, akashindilia kwa kiganja. Gentille akaelewa papo hapo. Yeye alikuwa akichota tu na kusawazisha kwa kisu.

"Mbona unashindilia?"

"Kwetu mama alikuwa anapimia bantu unga wa mahindi hivi. Kutoa gobeleti yenye hewa ndani kulikuwa wizi."

Gentille alikwenda kwa Jacques, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kuazima mizani yake ndogo ya betri. Waliipangusa harufu ya samaki, wakaanza. Zikimiminwa kwenye mfuko mwepesi wa plastiki, gobeleti sita za Nyirarukundo zilitoa gramu mia tisa na thelathini. Za Gentille, mia saba arobaini. Akarudia kwa kujiamini, ikaja mia saba tisini.

"Hata wewe, yaya, haujifanani," Nyirarukundo akasema taratibu.

Neno hilo lilimchoma kidogo, lakini lilikuwa kweli. Wakakubaliana mia saba hamsini, na gobeleti wakaiweka kando. Sukari haikuwasumbua, kwani mkono wowote ulitoa uzito uleule.

Unga wa kwanza waliokanda ulikuwa rojorojo, ukawanata mpaka viwikoni. Nyirarukundo alinyoosha mkono auongezee unga kwa kukadiria, Gentille akamzuia.

"Tukianza kukadiria tena, tumerudi kwa Wilfried na tofali. Tutafute tulipokosea."

Walipima kila kitu upya, hadi bakuli tupu, na bakuli peke yake lilikuwa na gramu mia moja themanini. Safari hii walikuwa wamepimia unga ndani yake badala ya mfuko, wakalihesabu pamoja na unga. Rojo ile waliikaanga mikate ya mafuta, watoto wa jirani wakaimaliza ikiwa bado moto.

Kesho yake waliweka bakuli tupu kwanza, wakasoma namba, ndipo wakamimina unga juu yake. Kila mmoja alikanda wake, akaoka wake. Gentille hakugusa hata kidogo unga wa mwenzake, ingawa mikono ilimuwasha.

Mbele ya Wilfried walisimama wote wawili. Alibonyeza, akakata, akanusa, akatafuna mkate mmoja, kisha mwingine. Akarudia wa kwanza.

"Huu ni wa Mama Gentille," akasema.

"Ni wangu," Nyirarukundo akajibu.

Wilfried alifuta makombo mdomoni, akatazama chini. "Sawa. Leteni wote wawili, kila mutu siku yake." Akatafuna tena. "Lakini chumvi ya huu imezidi."

Njiani wanawake hao walitazamana. Chumvi bado walikuwa wanaitia kwa vidole.

"Jacques atatuvumilia tena, atuazime mizani siku moja," Gentille akasema, na badala ya kukata kona kwenda nyumbani, wakashika njia ya soko la samaki.