Katoni Tano za Mafuriko

Niseme mapema, mtu asije akanipa sifa nisizostahili: sikuwa napigania uhuru wa mama yangu. Nilikuwa napigania vyumba vyangu viwili.

Mwaka juzi maji yaliingia nyumbani kwa mama mpaka usawa wa dirisha. Tulimkuta juu ya kabati la nguo, miguu inaning'inia, amenuna kama mtu aliyecheleweshewa chai. Hakuumia popote. Aliyeumia ni kaka yangu mkubwa, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa amewapigia ndugu wote simu kuwahakikishia kwamba mama yuko salama, ameshaongea naye. Hakuwa ameongea naye. Kaka anafundisha udereva, na miaka ishirini ya kukaa kiti cha pembeni imemharibu kabisa: ukisema jambo asilolipenda, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe. Tunamwita Breki. Anajua, na hapendi, na akilisikia jina hilo anakanyaga.

Breki akaitisha kikao, akaamuru kila mtoto anunue vifaa vya dharura. Sisi ni watatu. Tukanunua, kila mtu kivyake, kila mtu kwa kiherehere chake. Mwisho wa mwezi mama alikuwa na mishumaa mia moja na arobaini na hana njiti hata moja ya kibiriti. Mdogo wetu wa mwisho, anayefanya kazi mbali na ambaye huonyesha mapenzi kwa kutuma vifurushi, alituma tochi kumi na moja zisizo na betri. Breki mwenyewe alinunua taa moja kubwa kama sufuria, yenye redio ndani yake na king'ora, na akawa anaizungumzia vile watu wengine wanavyomzungumzia mtoto wao wa kwanza.

Ikabidi niingilie kati. Mimi ni mtunza stoo ya dawa hospitalini, na usicheke, ni kazi ya watu wenye akili timamu. Nikafungua daftari. Nikapiga mistari: kifaa, idadi, nani amenunua, lini, kinaisha muda lini, sahihi. Vifaa thelathini na viwili, hakuna kununua mpaka nimeulizwa. Mdogo wangu alipopiga simu kusema ameona tochi za bei poa, nilimwambia azitazame vizuri kisha aendelee na safari yake. Katika miezi minne orodha ilitimia. Nikapanga kila kitu kwenye katoni tano, nikazifunga kwa selotepu, nikaweka sahihi yangu juu ya selotepu kwa kalamu nene, nikazipanga chumbani kwa mama pembeni ya kitanda.

Sasa, sisi watu wa stoo tuna utaratibu wetu. Katoni iliyofungwa na yenye sahihi nzima huhesabiwa kuwa imejaa. Huifungui. Ukianza kufungua kila katoni kila mwezi hutamaliza, na dawa zitapotea mikononi mwako. Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikwenda kwa mama, nikatazama sahihi tano, nikaandika "zipo", nikafunga daftari. Kisha nilikunywa chai, na mama akanisimulia nani amekufa mtaani na kati yao nani alistahili. Mwaka mzima na miezi kadhaa, sikukosa hata Jumamosi moja.

Mvua zilipokaribia tena, Breki akaja na sheria mpya. Alisema hawezi kulala kwa mawazo, ingawa mkewe aliniambia anakoroma vizuri tu. Atakuja kukagua mwenyewe. Kitu kimoja kikikosekana kwenye orodha, mama anafunga mizigo siku hiyo hiyo na kuhama. Nikamuuliza kwa heshima zote anahamia wapi. Akasema kwangu, kwa kuwa kwake haiwezekani, mama na mkewe wanapendana sana wakiwa mbali.

Nampenda mama yangu, wallahi. Lakini mama yangu anafungua redio saa kumi na moja alfajiri, sauti juu, kwa sababu anasema habari ni za watu wote. Anaingia chooni na simu. Akiona kabati lako halijapangwa anapanga, na humo ndani hutaona tena kitu chako mpaka kiyama. Mimi nina chumba cha kulala na sebule. Nilikuwa nimechukua miaka kumi na mitano kuvipata. Nikamwambia Breki aje tu, daftari langu halina doa, na nikalala usingizi mnono.

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa viatu vyake vyeusi vya kuwasimamia watu kwenye mtihani wa udereva. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, goti lake baya limenyooshwa juu ya kigoda. Nikamsomea Breki daftari ukurasa kwa ukurasa. Nikamwonyesha sahihi tano, zote nzima. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi tayari nilikuwa naelekea jikoni kubandika chai. Ndipo akasema anataka kuiona taa yake. Kuiona tu, basi.

Nikamwambia katoni haifunguliwi. Akakanyaga sakafu. Akachukua kisu cha mezani, akakata selotepu ya katoni ya tatu, akaingiza mkono. Akatoa daftari kuukuu la shule. Akatoa lingine. Yalikuwa ya kwake, ya darasa la sita, na la juu lilikuwa la hisabati, alama thelathini na moja kwa mia, na mwalimu ameandika chini yake kwa wino mwekundu kwamba mtoto huyu anajiamini sana. Chini ya madaftari kulikuwa na matofali mawili.

Akafungua ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano. Magazeti, matofali, sufuria iliyotoboka, pazia letu la zamani. Nikaigeuza katoni moja juu chini. Ilikuwa imekatwa kitako na kubandikwa tena vizuri sana, kwa selotepu ile ile niliyomwachia mama afungie mifuko ya sukari. Miezi yote hiyo nilikuwa nakagua kifuniko.

Nikakaa kitandani. Niseme ukweli, sikumfikiria mama hata kidogo. Niliisikia ile redio. Breki hakunikemea, ingekuwa afadhali angenikemea. Aliniangalia tu vile anavyomwangalia mwanafunzi aliyegonga ukuta akirudi nyuma, kisha akamwambia mama aanze kukunja nguo.

Mama hakuinuka. Alisema vitu vipo, ila havipo hapa. Kisha akamuuliza Breki swali, taratibu kabisa.

"Mtaa huu mzima, maji yakija yanaanza kuingia nyumba ya nani?"

Nyumba ya mama iko chini kabisa, mwisho wa mteremko, na mtaro unamwaga mlangoni kwake. Watoto watatu, mmoja mwalimu, mmoja mtunza stoo na mmoja mtuma vifurushi, tulikuwa tumenunua vifaa thelathini na viwili vya kumwokoa mtu na mafuriko na kuvipanga sakafuni mahali ambapo mafuriko yanafika kwanza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Mama akaeleza. Alivigawa vyote juu mlimani, nyumba kwa nyumba. Taa na kamba ziko kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mablanketi, makoti ya mvua na turubai viko kwa fundi cherehani. Dawa na sanduku la huduma ya kwanza viko kwa mkunga mstaafu. Wengine wana tochi, wengine vidonge vya kusafishia maji. Na yeye amebaki na kitu kimoja tu, akakitoa kifuani kikiwa kwenye kamba ya kiatu: filimbi.

Breki akasema huo si mpango, huo ni ukarimu, na kwamba taa yake sasa hivi inamulika harusi ya mtu. Mama akamjibu hivi:

"Mtu akiwa na taa yangu ndani kwake, mvua ikinyesha hawezi kujifanya hajui niko wapi."

"Watakuja?" Breki akauliza.

"Wewe shika saa yako."

Akapuliza. Sikujua mwanamke wa miaka sabini na mbili ana pumzi kiasi kile. Breki akabonyeza saa kwenye simu. Dakika ya kwanza hakuja mtu. Mama alikuwa akiangalia kucha zake. Dakika ya pili ilipita kuku mmoja, hana habari na mtu. Nikaanza kupanga kichwani kitanda cha pili kitakaa upande gani, na kama kabati linaweza kuwekewa kufuli. Nilikuwa na hasira na mama, nilikuwa na hasira na hiyo filimbi, nilikuwa na hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Dakika ya tatu tukasikia miguu. Akaingia fundi wa kuchomelea, kinyago chake kimepandishwa juu ya paji la uso, taa ya Breki mkono mmoja na kamba begani. Nyuma yake fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, ameshika blanketi. Halafu mkunga na sanduku lake, akilalamika njia nzima kwamba ameacha chungu jikoni na kwamba mazoezi yalikuwa Jumanne, leo Jumamosi kumetokea nini. Hakuna aliyetusalimia. Fundi wa kuchomelea alimpa mama mgongo, akachuchumaa. Mama akapanda, akamzungushia mikono shingoni kama mtu anayepanda kiti chake cha kila siku. Fundi cherehani akamfunika blanketi, mkunga akalishika lile goti, wakatoka.

Sisi tukawafuata. Breki aliteleza mara mbili kwenye mteremko kwa sababu ya vile viatu, na mara ya pili nilimshika mkono, sijui kwa nini, nilipaswa kumwacha. Tulipofika kwenye duka la fundi cherehani, mama alikuwa ameshakalishwa kwenye benchi, na watu wengine wanne walikuwa wakishusha vitu mezani katikati ya vitambaa. Breki akatazama simu yake. Dakika saba na sekunde kumi.

Lakini Breki ni Breki. Akaomba daftari langu, akaanza kuhakiki, kifaa kimoja kimoja, kidole juu ya mstari. Kila alichokigusa kilikuwa kikavu, betri ndani yake. Thelathini na kimoja. Akarudia kuhesabu. Thelathini na kimoja. Zilikosekana biskuti, pakiti ishirini na nne.

Majirani wakaanza kuangalia dari. Mkunga akasema wamezila, kwani ilikuwaje, watu wanafanya mazoezi ya kubeba mtu mzima mlimani halafu wanywe chai tupu? Breki akafunga daftari. Akasema sheria aliitamka mbele ya watu wote: kitu kimoja kikikosekana, mama anahama. Akasema kwa sauti ya chini, bila kukanyaga, na hapo nikajua kwamba hafanyi ukaidi. Anaogopa. Alikuwa anaogopa tangu siku ile ya kabati, na alikuwa anataka mama awekwe mahali ambapo yeye hatapaswa kuogopa tena.

Nikachukua daftari mikononi mwake. Nikafungua ukurasa wa biskuti, nikaandika: pakiti ishirini na nne, zimetumika kwenye mazoezi. Nikaweka tarehe na sahihi. Nikamwambia kaka yangu kwamba kwenye stoo yoyote duniani, kilichopotea ni kosa, kilichotumika kwa kazi yake si kosa, kinaagizwa kingine. Na kama ana ubishi, aje hospitalini Jumatatu nimwonyeshe kanuni. Akamtazama fundi wa kuchomelea, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo na alikuwa bado amesimama nyuma ya mama. Kisha akasema biskuti atanunua yeye, akatoka nje kupiga simu, na aliposimama barabarani nilimwona akifuta macho kwa kiganja.

Nikakaa benchini pembeni ya mama. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, vyumba vyangu vimepona. Hata hivyo nikamuuliza kama kukaa nyumbani kwangu kungekuwa kubaya kiasi hicho, mpaka akatafuta jeshi zima. Akacheka. Akasema ananipenda, lakini kwangu ningemwandikia tarehe ya kuisha muda siku ya kwanza. Nikacheka na mimi, kwa sababu ni kweli ningeiandika.

Halafu nikamuuliza lile lililoniuma. Kwa nini hakuniambia? Breki sawa, lakini mimi? Ameniacha nitazame matofali kila mwezi, niandike "zipo", ninywe chai, niondoke nikijiona mjanja. Mama alivuta upande mmoja wa blanketi akaniwekea magotini, ingawa hakukuwa na baridi.

"Ningekuambia katoni ni tupu," akasema, "kila mwezi ungekuwa unakuja kuhesabu nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie ningekuja tu, katoni au hakuna katoni. Mwaka wa kabla ya daftari nilikuwa nimekwenda kwa mama mara mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa siku ya mafuriko.