Gobori la Vifyatulio Viwili

Tangu kiharusi kimpige mume wangu Hobart, kabla theluji haijaanguka, mkono wake wa kulia ulikuwa unamsindikiza tu. Kijiko aliweza kukishika. Tupa ya kusugulia chuma ilimshinda, na kidole cha shahada hakikuwa na nguvu ya kufyatua hata bunduki aliyoiunda mwenyewe. Mtu anayejulikana milima hii yote ya Tennessee kwa magobori yake ya gumegume, yanayowashwa kwa cheche za jiwe, akawa wa kukaa barazani kutazama kunguru. Nilichoka naye, na sidanganyi, niliogopa pia.

Siku moja akamwambia mpwa wangu Delbert aje na gari Jumatatu ya Pasaka achukue vyombo vyote vya karakana, bure.

"Mzee," nikamwambia, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ni zima, Zelpha. Aliyevunjika ni mhunzi."

Nilijua vyombo vile vikiondoka, na yeye hatakawia kuondoka.

Binti yetu Orlena, aliyejifunza kazi kwa babake, hakubishana na mtu. Alilishusha gobori la Hobart kutoka juu ya meko akisema limeshika kutu, akajifungia nalo karakana. Alikuwa anatoa kifyatulio kimoja ili aweke viwili. Vile viwili, unavuta kwanza cha nyuma, kinajitega kama mtego wa panya. Kisha cha mbele ukikigusa tu, kazi imekwisha. Hata kidole kigonjwa kinaweza. Lakini ilibidi achimbe kwa patasi ubao ambao babake aliuchonga na kuusugua majira mazima ya baridi, na Hobart siku zote aliviita vifyatulio hivyo dawa ya wavivu. Nilipomwona Orlena akipuliza vumbi la mbao kwenye lile tundu, niliufunga mlango haraka nikarudi jikoni. Alivijaribu vifyatulio vyenyewe tu, bila kuufunga mtambo wa nyundo kwenye bunduki, maana hakutaka babake asikie nyundo ikigonga.

Jumamosi ya Pasaka hapa kwetu watu hushindania ng'ombe kwa kulenga shabaha nyuma ya kanisa: washindi wanne wa kwanza huchukua nyama, wa tano huchukua ngozi na mafuta. Hobart nilimvuta kwa nguvu, nikimwambia sufuria ya maharage inataka mbebaji. Orlena akamwekea gobori mapajani, limeshashindiliwa baruti na risasi.

Akaligeuza. Akaona.

"Nani kaipasua tumbo bunduki yangu?"

"Mimi, Baba."

"Vya wavivu hivi!"

"Basi piga kama mvivu, tukuone."

Watu wakacheka, naye hakuwa na pa kukimbilia. Akalaza mtutu kwenye gogo, akatega cha nyuma, akagusa cha mbele. Nyundo yenye jiwe ikaanguka nusu ya njia, ikanasa. Hakuna cheche, hakuna moshi. Akairudisha, akajaribu tena. Ikanasa vilevile.

"Lo, Hobart!" akapiga kelele jirani yetu Enos Pruitt. "Hata bunduki yako imepata kiharusi!"

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, na Mungu anajua nilichotaka kufanya nao. Orlena alikuwa amejishika mdomo, machozi yanamlengalenga.

Hobart akamwaga chini baruti ya kuwashia, isije ikalipuka, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Orlena! Kile kichuma cha kuziba pengo kiko wapi?"

"Kichuma gani, Baba?"

"Kichuma gani! Kifyatulio cha kawaida, kidole chako kinauzuia ulimi unaoshika nyundo mpaka nyundo ipite. Hivi vinagonga na kuachia! Ulimi unarudi, unanasa kwenye pengo la katikati, lile la kuzuia nyundo nusu ya njia. Lazima pengo lifunikwe! Kakufundisha nani, wewe?"

"Wewe."

Hobart akaliweka gobori mapajani.

"Basi sikumaliza," akasema. "Twende nyumbani."

"Na maharage?" nikauliza.

"Mpe Enos, yamzibe mdomo."

Wakashinda karakana Jumamosi ile, na Jumapili baada ya ibada wakarudi humo, dhambi na iwe juu yangu. Yeye amekaa kwenye kiti, Orlena amesimama na tupa. "Umekula chuma mno! Anza upya!" "Baba, hiki ni kidogo kama punje ya mchele!" "Na mchele unapikwa na wenye akili!" Nilikuwa nakanda unga wa mkate nikisikia makelele yale, nikalia kwa furaha mpaka unga ukapata chumvi ya ziada.

Jumatatu asubuhi mlio mmoja ukatikisa vyombo vya kabatini. Nikatoka mbio. Moshi ulikuwa bado umetanda uani, na ubao waliousimamisha kwenye uzio ulikuwa na tundu pembeni kabisa. Hobart alikuwa kitini, gobori mkononi, anaukaripia ubao kwa kusimama vibaya.

Hapo ndipo Delbert akaingia na gari lake na spana zake.

"Nianze kufungua nini, Mzee?"

"Lile jiriwa la kubania chuma," Hobart akasema.

Nikageuka nirudi jikoni.

"Lifungue, ulishushe mpaka hapa," akaendelea, akionyesha usawa wa kifua chake pale kitini. "Siku hizi nafanya kazi nimekaa."