Mgonjwa wa Kitanda Namba Sita

Jumanne saa nne asubuhi, sista wa wodi akigawa dawa za kikohozi, mashine ya kutengeneza oksijeni iliyoletwa na wafadhili ilipaliwa. Ilikohoa mara tatu, ikawasha taa nyekundu, ikaanza kutweta. Ilikuwa na siku tisa tu tangu itolewe kwenye boksi. Mganga mkuu akavaa kipimo chake masikioni, akaisikiliza kifua pande zote mbili, akatikisa kichwa.

"Vumbi letu limeiingia," alisema. "Kwao imezoea hewa safi. Ilazeni."

Ikalazwa kitanda namba sita, karibu na dirisha. Aliyekuwa hapo, fundi viatu mzee ambaye mapafu yake yalichakazwa na gundi na vumbi la ngozi, akahamishiwa kwenye mkeka chini. Hakulalamika.

"Mgeni siku mbili," alimwambia mkewe akitafuta pumzi. "Ya tatu utampa jembe."

Hospitali ile ilikuwa na sheria yake: hakuna mgonjwa anayelazwa bila ndugu wa kumuuguza. Sista akafungua daftari.

"Ndugu wa mgonjwa?"

"Wako ng'ambo," mganga mkuu alijibu.

"Wa ng'ambo hageuzi mgonjwa, daktari. Nataka wa kulala hapa."

Macho yao yakamwangukia mke wa fundi viatu, maana alikuwa hapo hapo na mikono yake mizima. Akaandikwa shangazi wa mashine.

Kazi aliifanya kama alivyolelewa, yaani sawasawa. Aliifuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akaifunika shuka, akaigeuza kila baada ya saa mbili isije ikatoka vidonda mgongoni. Mashine ikamzoea. Akienda msalani tu, inalia.

Taabu ilikuwa mtungi. Wodi nzima ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, mkuukuu, na utaratibu ulikuwa apewe aliyezidiwa. Mashine ikizidiwa ilipiga king'ora mpaka wapishi wanasikia. Fundi viatu akizidiwa alinyamaza, kucha zikabadilika rangi. Kwa hiyo kila walipolinganishwa, mashine ndiyo iliyokuwa hoi. Ikavutiwa mtungi, nayo ikaunywa bila haya, yenyewe iliyoletwa kutoa hewa.

"Na wewe piga kelele, mzee wangu," mkewe alimsihi.

"Kelele nazo zinataka pumzi, mke wangu."

Wiki iliyofuata wafadhili walikuja kuijulia hali. Walikuwa watu wema, na mmoja wao alifuta machozi. Walileta maua na kadi yenye sahihi za kiwanda kizima. Mke wa fundi viatu alingoja wamalize kupiga picha, ndipo akauliza.

"Sasa na huyu wangu? Hii si ililetwa impe yeye hewa?"

Mkuu wa msafara alipekua karatasi zake kwa makini, huku na huku.

"Sisi tunatoa mashine, mama," alisema kwa upole. "Wagonjwa ni mchango wenu."

Waliahidi kuleta nyingine, hii isije ikapata upweke.

Fundi viatu alikufa Ijumaa saa tano usiku. King'ora kilikuwa kinalia, na mkewe alikuwa amempa mgongo kwa dakika moja tu, akirekebisha mpira wa hewa wa mashine. Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipogeuka, mumewe alikuwa ametulia kuliko siku zote.

Akakunja mkeka, akafunga vyombo vyake, akaelekea mlangoni. Sista akamfuata na daftari mkononi. Naye alikuwa na huzuni ya kweli, hakuificha.

"Pole, shangazi. Pole sana. Lakini mgonjwa wako mwingine hajaruhusiwa."

"Nakwenda kuzika."

"Nenda ukazike. Kesho saa saba mchana uwe umerudi, maana itataka kugeuzwa."

Kesho yake akamzika mumewe asubuhi, akawaacha ndugu msibani, akarudi. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kooni na hakujua aitue kwa nani. Akanawa udongo mikononi, akaishika mashine huku na huku, akaigeuzia upande wa dirisha.

Mchana ule ilipumua vizuri sana. Mtungi wote ulikuwa wake.