Udi Katika Gari la Massoud

Mimi Fanueli nikisema gari lisiwashwe, sitanii. Massoud ni rafiki yangu tangu alipohamia Makorora kutoka Pemba, lakini ana kichwa kigumu, na siku ya arobaini ya mwanawe kilizidi.

Asubuhi alileta gerejini kwangu lile gari kuukuu la marehemu baba yake. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na kubugia petroli kupita kiasi. Nikachomoa plagi, zote zimejaa masizi. Chujio la hewa ni safi, choki inafunguka vizuri. Basi nikafungua kabureta, nikatoa boya, nikalitikisa sikioni mwangu, kisha sikioni mwa Massoud ili asije akasema nimezua. Akasikia mwenyewe petroli ikicheza ndani. Boya limetoboka, limezama, halifungi tena njia ya mafuta, nayo yanafurika mpaka juu ya injini. Ndani ya gari harufu ilikuwa inakata pumzi.

Nikamwambia aliache, nizibe tundu la boya kwa risasi ya kuyeyusha, alichukue kesho. Akasema haiwezekani, mkewe Tuhfa anatoka arobaini leo na mtoto lazima afike Ushongo, kwa babu yake mgonjwa, mzaa mama, ambaye bado hajamtia machoni. Nikamwambia akodi gari lingine basi! Akacheka, eti fundi mzima naogopa harufu. Akalirudisha boya kwa mikono yake mwenyewe, akafunga boneti, akaondoka huku gari likikohoa. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Lakini roho haikutulia. Ilipokaribia adhuhuri nikampigia simu, nikamuuliza kama ameghairi. Akaniambia nisihangaike, harufu imepatiwa dawa na mama mkwe wake, Bi Kazija.

"Katia chetezo ndani na vioo tumefunga," alisema. "Mjukuu wake hapandi gari linalonuka. Sasa hivi linanukia udi tu."

Makaa ya moto, ndani ya gari lililojaa mvuke wa petroli, na vioo vimefungwa! Nikamwambia atoe chetezo, asiguse ufunguo. Simu ilikuwa imeshakatika, na nilipopiga tena haikupokewa. Nikarukia baiskeli.

Nilipokata kona ya kwa Massoud niliuona moshi mweusi nyuma ya gari. Ameliwasha. Tuhfa alikuwa kiti cha nyuma, mtoto mapajani, chetezo miguuni pake, na moshi wa udi umetanda hata sura yake siioni vizuri. Bi Kazija alikuwa barazani, ameridhika. Kila siku huwa namwamkia shikamoo kabla sijavuka mtaro. Siku hiyo nilipita kama simwoni, nikafungua mlango, nikampokonya Tuhfa mtoto na kumvuta mkono atoke. Alipiga kelele. Massoud akashuka kwa hasira, anauliza nimepatwa na nini.

Hakumaliza. Gari lilivuma mara moja, kisha ndani kote kukawaka moto.

Majirani walimwaga mchanga na maji, bure. Tulisimama mbali tukiangalia viti vikiyeyuka. Mtoto alikuwa bado kifuani kwangu, ananukia udi, analia.

Bi Kazija akaja, akamchukua mjukuu wake taratibu. Hakunishukuru. Alinitazama usoni.

"Umepita hapa bila shikamoo wala hodi," akasema. "Gari lilikuwa zima. Ukamtoa mtoto, na papo hapo likaungua. Umejuaje, Fanueli?"

"Boya, mama. Boya la kabureta limetoboka, petroli inafurika."

"Boya," akasema, akamhamishia mtoto bega la upande wa pili, mbali nami. Kina mama waliokuwa nyuma yake wakarudi nyuma kidogo, nao wananitazama kama mchawi.

Nikamgeukia Massoud. Yeye aliisikia petroli ndani ya boya kwa sikio lake. Neno moja tu la Massoud lingetosha kunisafisha.

Massoud aliinamisha macho, akamshika Tuhfa mkono, wakaingia ndani.