Pipa la Tatu

Binti alimimina ndoo ya maji ya lita ishirini kwenye pipa la tatu, na kabla hajaiweka chini, maji yalikwishaanza kutoka kwenye mpira wa chini na kuingia ndani ya dumu. Hakushangaa. Leo ilikuwa siku ya tisini, na siku zote tisini yalitoka hivyo hivyo.

Mapipa yalikuwa matatu, yamekatwa nusu, yamepangwa juani nyuma ya ofisi ya kituo cha kupima udongo. La kwanza lilikuwa na udongo mweusi wa bondeni kwao. Huo ulikunywa polepole kama mgonjwa, lakini ukishakunywa hautoi. La pili lilikuwa na udongo mwekundu. La tatu lilijaa mchanga mweupe uliochimbwa uwandani, kule watu wa bondeni watakakohamishiwa ili kampuni ipate shamba. Mchanga ule ulimrudishia jua usoni mpaka macho yakamtoka machozi. Asubuhi ulikuwa baridi kama bati. Saa nane mchana alichomeka kipimajoto: arobaini na saba. Mwekundu ulikuwa thelathini na saba, mweusi thelathini na mbili.

Akaandika. Kila saba aliikata kistari katikati, kama alivyofundishwa darasa la tano, mwaka alioacha shule. Kituoni walimwita Msomaji, kwa utani, maana alichokisoma vizuri ni kile kioo cha kipimajoto tu.

Bwana Vipimo, mkuu wa kituo, alimjia na fomu mpya.

"Msomaji, nakili humu kwa wino. Pipa la kwanza, namba zako. La pili, namba zako. La tatu, rudia zile za la pili."

"Za la pili?"

"Si umesikia."

Alilitazama dumu. "Lakini mzee, maji yanatoka. Lita kumi na saba."

"Hilo dumu limesoma mpaka darasa la ngapi?"

Mlinzi aliyekuwa kivulini alicheka.

"Mama yangu atapelekwa huko huko," alisema, kwa sauti ndogo.

"Kuhama atahama tu. Sasa wewe unataka karatasi iseme amehamia pabaya?" Bwana Vipimo aliifungua kalamu mwenyewe, akampa. "Binti yangu, getini kuna wasichana wanne wanajua kuandika namba. Nimewaambia wasubiri kidogo."

Mama ndiye aliyemwombea kazi hii. Alikaa kwenye geti hilo hilo siku tatu. "Usiwaudhi wakubwa," alimwambia.

Akaandika. Mistari tisini, mpaka vidole vikamkakamaa. Chini kabisa palisema: Aliyesoma vipimo. Akaweka jina lake.

Wiki mbili baadaye mkutano uliitishwa bondeni. Yeye alisimama nyuma kabisa. Afisa wa ardhi alisoma ile fomu, akasema udongo wa uwandani unashika maji vizuri, hauna tofauti na mwekundu.

Jirani yao akainuka. "Mchanga ni mchanga, bwana. Hata ukiusomea."

"Mzee, vipimo hivi kaandika mtoto wenu wenyewe. Tazameni."

Fomu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mama. Maneno mama hakuyajua. Alipitisha kidole juu ya namba, kikasimama.

"Hii saba ni ya mwanangu," alisema. Akasimama wima, karatasi kifuani. "Mwanangu hawezi kutudanganya."

Jirani akaketi. Watu wakageuka kumtafuta binti kwa macho. Yeye alifungua mdomo. Bwana Vipimo, aliyekaa kiti cha mbele, naye aligeuka, akamtazama bila hasira yoyote. Binti akaufunga mdomo.

Binti alipopata ruhusa ya kwenda uwandani, mama alikuwa na mwezi mmoja huko. Alimkuta amebeba ndoo kutoka bomba la mbali, shingo imeingia mabegani. Maharage yalikuwa yamechungulia mchangani, yakasinyaa papo hapo.

"Afadhali umekuja," mama alisema, akihema. "Karatasi ilisema maji yanakaa. Mimi nikimwaga yanapotea. Nadhani mimi ndiye nakosea kumwagilia."

"Mama..."

"Si aibu, mwanangu. Mimi sikusoma." Akamsogezea ndoo. "Njoo unionyeshe. Polepole, nione unavyofanya."

Binti akainua ndoo. Mama akachuchumaa kando ya shimo la maharage, akakaza macho.