Haja ya Jumamosi

Mama Spéciose hakuwa mtu wa kusema nusu nusu. Mkunga kwa miaka ishirini, aliyewafokea nusu ya wanawake wa Kanyosha wasukume, angeanzia wapi kuliremba Neno la Mungu? Jumapili ile, mwaka wa pili wa vita, aliposimama kufundisha alipiga Biblia kofi akasema damu ya Yesu imekwisha kulipa. Dhambi za jana, za leo, na hata za kesho ambazo hujazijua bado. Zote! Asiyeamini hivyo anataka Yesu apande msalabani upya kila Jumatatu. Kanisa zima likapasuka kwa vigelegele. Watu walikuwa wamechoka kuogopa jamani, na hapo angalau walipewa kitu kimoja cha kutoogopa.

Aliyenuna ni Mzee Népomuscène peke yake, mzee wa kanisa, naye alikuwa mtu wa kununa tangu zamani. Akamngoja mlangoni.

"Spéciose, ukimwambia mtu kesho yake imekwisha oshwa, ataichunga ya nini?"

"Mzee, we unapenda watu waogope tu. Aliyesulubiwa si wewe."

Akacheka, akaenda zake. Siku ile alikuwa amejipenda kweli kweli.

Alhamisi mchana ilikuwa zamu yake katika chumba cha maombi, kile kidogo cha nyuma ya kanisa chenye benchi moja na mkeka. Béatrice, mke wa Musafiri muuza makaa, ndiye aliyekifagia kila Alhamisi kabla watu hawajaja, akinyunyiza maji vumbi lisiamke. Kila mwenye shida alipiga magoti akataja haja yake: ugonjwa, mtihani, mume asiyerudi. Asiyetaka kutaja alisema tu, "Nina haja ya moyoni," na desturi ya pale ilikuwa moja: huulizi. Unaweka mikono kichwani, unaomba, Mungu anajua. Zamani ilikuwa adabu. Vita vilipoanza ikawa zaidi ya adabu, maana nani alitaka kuyajua ya mwenzake?

Wa mwisho kuingia siku ile alikuwa Sylvère, seremala, ana maranda ya mbao mpaka kwenye nywele. Nusu ya milango ya mtaa ilikuwa kazi yake, na wa Mama Spéciose mmojawapo. Watu waliipenda kwa sababu haikulia bawaba, na kwa sababu ya ujanja mmoja: chini ya ubao wa tatu Sylvère aliacha ufa wa vidole viwili, akauficha kwa kipande cha ubao. Komeo likianguka ndani na wewe uko nje, unapitisha vidole unalisukuma. Mahali pa ufa palijulikana na mwenye nyumba na fundi tu.

"Nina haja ya moyoni, Mama," alisema. "Ni ya Jumamosi."

Mama Spéciose akaweka mikono. "Bwana, Jumamosi umtangulie mtumishi wako. Mkono wake usitetemeke. Kazi atakayoianza umsaidie aimalize."

Sylvère akalia mpaka mabega yakaruka. Kisha akainua uso.

"Mama, ile ya Jumapili. Zambi za kesho. Hata kama mutu anazijua?"

"Zote ni zote, mwanangu. Damu haichagui."

Akajifuta, akashukuru, akatoka amenyooka. Mama Spéciose akafunga chumba akiwa na furaha ya mtu aliyemtua mwenzake mzigo.

Ijumaa Jovithe, mke wa Sylvère, alikuja zahanati. Akangoja mpaka wajawazito wakaisha, kisha akaufunga mlango kwa mgongo wake.

"Mama, ulimupa nini bwana yangu?"

"Nimpe nini? Nilimwombea."

"Siku ine alikuwa hakule. Analala macho wazi. Sasa tangu jana anakula. Jana aliomba nimuongezee bugali. Leo asubuhi anaimba." Uso wake haukuwa wa mtu anayeleta habari njema. "Vijana wa bariyeri walikuja. Kesho ni ville morte. Wanataka awafungulie mulango ya kwa Pierre pole pole, juu askari wa pale kona wasisikie. Akikataa, wanachoma kwetu na watoto ndani."

Ville morte ni siku ile vijana wa bariyeri, wale wa vizuizi vya barabarani, wanapoufunga mji: gari halitembei, duka halifunguliwi, na mwenye baya la kulifanya analifanya. Pierre alikuwa mwashi, ukuta wa kanisa alijenga yeye, na kosa lake lilikuwa kuzaliwa upande usiotakiwa na vijana wale. Mkewe Carmen alikuwa na mimba ya miezi tisa. Jumatatu tu Mama Spéciose alikuwa amekigusa kichwa cha mtoto kwa mikono hii hii. Akaitazama mikono yake.

"Yezu wee! Nimemwombea asitetemeke."

Alimkuta Sylvère kwenye karakana anapiga randa.

"Sylvère, hiyo haisamehewi."

Randa ikasimama. "Ulisema zote."

"Nilisema za mtu anayeanguka, si za mtu anayepanga!"

"Mi nilikuuliza, Mama. Nilisema, hata kama mutu anazijua? We ulisema zote ni zote."

Ndivyo Mama Spéciose alivyosema, na hakuwa na mwingine wa kumlaumu. Akashikwa na hasira, ile hasira ya mtu aliyeshikwa na maneno yake. "Basi leo nakuambia vingine. Ukiufungua mlango ule umepotea. Unasikia? Umepotea!"

Sylvère akakaa juu ya mbao, taratibu, mikono kati ya magoti.

"Mulango ya kwanza nilifungua Novemba, mwaka vita ilianza. Watu watano. Mi sikushika mutu, nilifungua tu. Tangu siku ile sikuwa na mahali pa kuitua hiyo kitu, mpaka Jumapili unasema. Sasa unanirudishia." Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama ya kesho haisamehewi, na ya Novemba haikusamehewa. Mi niko mutu wa moto tayari. Jumamosi itaniongezea nini?"

Hapo Mama Spéciose akauona mtego, tena aliutega mwenyewe. Akimwambia umesamehewa, ataenda kwa sababu amesamehewa. Akimwambia hukusamehewa, ataenda kwa sababu hana tena cha kupoteza. Miaka yote ya kufundisha Neno, na hakuwa na sentensi moja ya kumfungia mtu huyu mguu.

"Pierre ataupiga misumari ule ufa," alisema.

"Watatupa guruneti kwa dirisha."

"Atakimbia."

"Bariyeri iko huku, bariyeri iko kule, na jina yake wanayo. Carmen anaweza kukimbia?"

Hakuweza, na aliyejua zaidi ya wote ni mkunga wake.

"Basi nisikilize vizuri," alisema Mama Spéciose. "Kesho nitakuwa kwa Pierre, nimekaa nyuma ya mlango ule. Wa kwanza utakayemkuta ni mimi. Nenda kamwulize Mungu kama na damu yangu imelipiwa."

Sylvère akaichukua randa akaendelea na kazi.

Jumamosi saa tatu asubuhi jua lilikuwa kali na mtaa mzima kimya, hata redio hakuna. Carmen alikuwa amelala chumbani. Pierre alisimama katikati ya nyumba na nyundo yake ya uashi, hajui aishikie nini. Mama Spéciose alikaa kwenye kigoda, goti lake linagusa mlango. Alijaribu kuomba, lakini kila alipoanza alikumbuka aliyoyaomba Alhamisi, akanyamaza.

Wakasikia miguu, mingi, ya ndara na ya viatu. Ikasimama nje.

"Fundi, ni huu?"

Kile kipande cha ubao kikavutwa, na vidole viwili vikaingia chini ya ubao wa tatu, kimoja kina ukucha mweusi wa kugongwa na nyundo. Vikapapasa kuelekea komeo bila haraka. Mama Spéciose akaweka kiganja chake juu yavyo.

Vidole vikatulia. Vilikuwa vikavu, vina joto, na havikutetemeka hata kidogo. Maombi ya Alhamisi yalikuwa yamejibiwa.

Akavibana kwa nguvu zake zote. Kwa muda mrefu vilikaa pale chini ya mkono wake, halafu vikavutwa nje.

"Apana," ilisema sauti ya Sylvère, ya chini tu. "Si huu. Nilikosea. Ni ule wa bulu, pale mbele."

Mtaani mlango wa bluu ulikuwa mmoja. Béatrice aliupaka rangi mwenyewe mwaka juzi kwa ajili ya Noeli, na Musafiri akamtania wiki nzima. Mama Spéciose aliuona mbele ya macho kabla Sylvère hajamaliza kusema. Na sauti alikuwa nayo, sauti ya kuwasukumisha wanawake. Askari wa pale kona wangeisikia. Alifungua mdomo. Nyuma yake Carmen alikuwa anahema. Akipiga kelele, hawa wa nje watarudi kwanza hapa.

Akaufunga mdomo.

Hawakusikia mengi. Milango ya Sylvère hailii bawaba. Kilichofuata kilikuwa kifupi, na miguu ikaondoka kwa njia ya chini. Pierre alikuwa ameketi sakafuni anasema asante Bwana, asante Bwana, mfululizo, na Mama Spéciose alitamani kumzaba kofi.

Jumapili walizika asubuhi, Musafiri na Béatrice shimo moja, kisha wakaingia kanisani kwa Meza ya Bwana. Sylvère alikula mkate. Kikombe kilipomfikia Mama Spéciose, aliyekishika alikuwa Mzee Népomuscène. Alimtazama mama yule na kwa mara ya kwanza hakununa. Alimhurumia. Mama Spéciose akanywa haraka, akarudi kukaa.

Alhamisi alikuta chumba cha maombi hakijafagiwa. Akachukua ufagio mwenyewe, akanyunyiza maji kama alivyomwona Béatrice akifanya, lakini hakujua kiasi, vumbi likaamka hivyo hivyo. Hajamaliza, Sylvère akaingia. Alikuwa amenawiri. Akapiga magoti kwenye mkeka.

"Una haja gani?" aliuliza Mama Spéciose. Ndani ya chumba kile swali hilo lilikuwa halijaulizwa tangu kijengwe.

"Walikuja tena. Ni Jumamosi." Sylvère aliinamisha kichwa chini ya mikono ya Mama Spéciose kwa utulivu wa mtu aliyezoea. "Mi siogopi tena, Mama. Nilifikiri sana, na kweli zote ni zote. Nilikuja kukuuliza moja tu. Jumamosi hii utakaa kwa nani?"

Mikono ilikuwa tayari juu ya kichwa chake. Mama Spéciose akaanza kuzipita nyumba za mtaa moja moja akilini, huyu ana watoto, huyu ni mgonjwa, huyu haji hata kanisani. Kabla hajafika mwisho wa mtaa alijisikia anamwuliza Mungu kwa sauti, mbele ya Sylvère, kama na dhambi hii ya kuchagua mlango, anayotaka kuifanya sasa, ilikwisha lipwa.